Sufu iliyokataa kushikamana: jibu kwa kikundi cha Molo kuhusu kutengeneza felti nyumbani

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi na akina mama wenzangu wa kikundi chetu hapa Molo tulinunua gunia la manyoya ya kondoo kutoka kwa majirani, tukikusudia kutengeneza felti, yaani kitambaa kisichofumwa cha sufu iliyosuguliwa mpaka ikashikamana, ya kushonea vikoba na viatu vya ndani vya watoto. Tulipoyaosha kwa maji moto na sabuni, sehemu yake iligandamana ikawa madonge, tukayatupa kwa kuona yameharibika. Sehemu iliyobaki ilikuwa safi na imechambuka vizuri. Tukaitandika, tukaisugua kwa sabuni karibu saa nzima, nayo ikakataa kushikamana. Ilipokauka ikabanduka yote. Mwenzetu mmoja alifuma kikoba kwa uzi wa sweta wa dukani, akakichemsha, wala hakikubadilika. Je, tatizo ni mikono yetu, ni sabuni, au ni sufu yenyewe? Na je, kazi hii inawezekana bila mashine?

JIBU: Sijambo, mama. Nianze na yale madonge mliyoyatupa, kwa sababu jibu la swali lako limo humo. Madonge yale yalikuwa felti. Hayakuwa felti ya kushonea kitu, maana yaliundika bila mpango ndani ya beseni, lakini sufu ile ilikuwa ikifanya mbele ya macho yenu jambo lile lile mlilolinunulia gunia zima. Mliyoihifadhi, ile safi na iliyochambuka, ilibaki imechambuka kwa sababu haina uwezo wa kushikamana, wala isingeupata hata mngeisugua kutwa nzima. Kwa hiyo mikono yenu haina lawama kubwa, sabuni ina lawama kidogo, na gunia ndilo lenye neno: lilikuwa na sufu ya kondoo wa aina zaidi ya moja.

Ili mweze kuchagua vizuri siku nyingine, inafaa kujua kinachotendeka. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno yaliyopandana kama makuti ya paa, yote yakielekea upande wa ncha. Kwa sababu hiyo, unywele huteleza kwa wepesi ukivutwa kuelekea upande wa shina lake, na hukwama ukivutwa kuelekea upande wa ncha. Shika unywele mmoja mrefu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, uusugue mbele na nyuma kwa kufuata urefu wake, nawe utauona ukitambaa upande mmoja tu. Sasa fikiria maelfu ya nywele hizo, zimelala kila upande, zimelowa maji ya uvuguvugu yanayozilainisha na kuzivimbisha, zimepakwa sabuni inayozipa utelezi, kisha zinasuguliwa: kila mmoja unasonga mbele, unajipenyeza kati ya wenzake, wala hauwezi kurudi ulikotoka. Mafundo yanayotokana na mwendo huo hayafunguki tena. Joto, maji na sabuni ni wasaidizi. Kinachotengeneza felti hasa ni msuguano juu ya unywele wenye magamba ya kufaa.

Si kila kondoo ana unywele huo. Katika nyanda za juu za Kenya wamefugwa kwa miaka mingi kondoo wa sufu kama Merino, Corriedale, Romney na Hampshire Down, lakini wafugaji wengi wamegeukia nyama, na aliyechukua nafasi kubwa ni Dorper. Huyu alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn na Blackhead Persian, ambaye naye, licha ya jina lake la Kiajemi, asili yake ni kondoo mwenye kichwa cheusi wa nchi ya Wasomali. Dorper alikusudiwa asihitaji kukatwa manyoya: mwili wake una mchanganyiko wa sufu fupi na nywele ngumu, na vazi hilo hupukutika lenyewe. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele zaidi kuliko sufu. Nywele ngumu za namna hiyo zina uwazi katikati, ni nene, hazipindiki kwa urahisi, na magamba yake hayakamatani ipasavyo. Mkizitafuta katika gunia lenu mtazitambua kwa macho: ni fupi, nyeupe kama chokaa, na husimama wima zinapochanganyika na sufu ya kweli.

Inayofaa zaidi kwenu ni Merino, ambayo kwa kawaida unene wa unywele wake hauzidi mikroni 24 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na ambayo hushikamana haraka ikatoa felti laini, au Corriedale, yenye mikroni 25 hadi 31, ambayo huchukua muda zaidi lakini hutoa kitu kigumu kinachostahimili kukanyagwa. Kwa viatu ningechagua Corriedale bila kusita. Hampshire Down ni mtego: ukiishika ni laini na inajaa mkononi, mtu akadhani ni bora kuliko zote, kumbe mikunjo yake inayojizungusha huzuia nywele zisitambae, na hushikamana kwa shida sana. Msihukumu sufu kwa ulaini wake peke yake.

Wala msinunue tena kwa gunia lililochanganywa. Waombeni majirani, siku ya kukata manyoya, waweke ya kila kondoo katika mfuko wake, watenge ya tumbo na ya makalio, ambayo ni machafu na mafupi, wawauzie ya mabega na ya mbavu yenye urefu wa sentimita 5 hadi 10. Kisha, kabla ya kutoa pesa, fanyeni jaribio hili. Chukueni kishungi kidogo kutoka kila mfuko, mkioshe mafuta yake kwa maji moto na sabuni ya vyombo, mkichambue kwa vidole, mkiweke kiganjani na matone machache ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Kiviringisheni kati ya viganja viwili, kwanza kwa wepesi bila kukandamiza, kisha kwa nguvu kidogo kidogo, kwa dakika tatu hadi tano. Sufu nzuri itakuwa gololi ngumu isiyopasuka hata mkiivuta. Isiyofaa itabaki fungu la nywele zilizolowa, na mkiibana itafumuka. Jaribio hilo halina gharama, na lingewaokolea gunia zima.

Kuna jambo la afya ambalo sitaki lipite. Msinunue kamwe manyoya ya kondoo aliyekufa mwenyewe. Ugonjwa wa kimeta bado upo katika eneo letu, mbegu zake huishi katika udongo na katika manyoya kwa miaka mingi sana, na kuosha nyumbani hakuziui. Waingereza walioshughulika na sufu katika viwanda vya karne ya 19 waliuugua kwa kuvuta vumbi lake. Nunueni iliyokatwa kutoka kwa kondoo hai na mwenye afya, mkaulize pia ni lini mara ya mwisho alipoogeshwa dawa ya kupe. Uchambuaji wa sufu mbichi ufanyike nje ya nyumba, mkiwa mmevaa glavu na mmefunika pua, mbali na watoto.

Sasa tuje kwenye kuosha, ambako ndiko sufu yenu nzuri ilikoharibikia. Lengo la kuosha ni kutoa mafuta na jasho la kondoo bila kuruhusu msuguano, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu mkono wa mtu aliyezoea kufua nguo hauwezi kutulia ndani ya beseni. Mafuta ya sufu hayatoki sawasawa kwa maji ya uvuguvugu. Yanahitaji joto la nyuzi 60 hivi. Molo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,500, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 92 tu, kwa hiyo asiye na kipimajoto achanganye sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu mbili za maji baridi, atakuwa karibu kabisa na hapo. (Anayesoma haya akiwa Mombasa au Tanga achanganye nusu kwa nusu.) Tieni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mpaka maji yawe na utelezi mkiyagusa, na hapo ndipo sufu iingie, ikiwa ndani ya mfuko wa wavu wa vitunguu, isizidi nusu kilo kwa karai moja kubwa. Ikandamizeni mpaka izame, muiache dakika 15 hadi 20. Msikoroge, msisugue, msimimine maji juu yake.

Mtoe mfuko kabla maji hayajapoa, kwa sababu yakipoa mafuta huganda tena juu ya sufu na kazi hurudi mwanzo. Uacheni uchuruzike, kisha urudieni katika maji mengine yenye sabuni na joto lile lile, na baada ya hapo katika maji matupu mara mbili, nayo yasiwe na tofauti kubwa ya joto. Sufu ikaushwe kivulini juu ya wavu. Msishangae kuona uzito umepungua: mafuta, jasho na uchafu huweza kuwa theluthi hadi nusu ya uzito wa manyoya mabichi, na katika Merino huweza kuzidi nusu, jambo la kukumbuka mnapopatana bei.

Kuhusu sabuni, nina makatazo matatu. Msitumie magadi, ingawa najua ni rahisi kupatikana na yanakata mafuta vizuri. Sufu ni keratini, kitu kile kile kilichomo katika kucha zetu, na keratini huvumilia tindikali lakini huvunjwavunjwa na alkali. Myeyusho wa soda kali wa asilimia 5 ukichemshwa huyeyusha sufu yote kwa dakika chache, na magadi, ijapokuwa ni dhaifu kuliko soda hiyo, huelekea upande huo huo. Msitumie dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, maana nayo huila sufu. Msitumie sabuni ya unga yenye vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na chakula, kwa kuwa kimeng'enya hicho hakiwezi kutofautisha doa na unywele wa kondoo.

Baada ya kukauka, sufu ichanwe. Brashi mbili za kuchania mbwa, zile zenye meno membamba ya waya, zinatosha kabisa: weka kishungi kwenye moja, vuta nyingine juu yake mpaka nywele zilale upande mmoja na takataka zidondoke. Kazi hii inachosha na hakuna njia ya kuikwepa, ila katika kikundi watu wawili wakichana na wawili wakitandika, siku haiwi ndefu.

Msianze na kiatu. Anzeni na kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20, ambacho kitawaambia mambo mengi kuliko maelezo yangu. Pimeni gramu 10 za sufu iliyochanwa, mzigawe mafungu manne sawa. Tandazeni mkeka, juu yake plastiki yenye mapovu kama ile inayofungiwa vyombo vya kielektroniki, kisha mtandike fungu la kwanza kwa kuvuta vishungi vyembamba vilivyolala upande mmoja, kila kishungi kikigusa chenzake kwa theluthi moja. Fungu la pili lilale kwa kukatiza la kwanza, la tatu likatize la pili, la nne likatize la tatu. Tabaka nyingi nyembamba zinazokatizana hutoa felti imara, na tabaka moja nene hutoa kitu kinachopasuka katikati. Pakionekana mahali pepesi, ongezeni hapo sasa, baadaye hapazibiki.

Funikeni sufu kwa kitambaa cha wavu. Pazia jepesi kuukuu linafaa. Chandarua kilichotiwa dawa ya mbu kisitumike, kwa kuwa mikono yenu itakaa juu yake ndani ya maji moto kwa muda mrefu. Nyunyizeni maji ya nyuzi 40 hivi yaliyoyeyushwa sabuni ya kipande iliyoparuzwa, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, mkianza katikati na kwenda pembezoni, huku mkikandamiza kwa viganja ili hewa itoke. Sufu inapaswa kulowa yote na kulala bapa, lakini isielee. Nadhani hapa pana sehemu ya kosa lenu: maji yakizidi, nywele huogelea bila kugusana, na povu likiwa jingi hukaa kati yake zikateleza bila kukamatana. Povu likijaa, lifyonzeni kwa taulo. Na kama maji mnayotumia ni ya kisima na sabuni inaacha utando mweupe, tumieni ya mvua, ambayo Molo haikosi.

Sugueni juu ya wavu kwa mizunguko midogo, kwa wepesi kabisa katika dakika tano za kwanza. Mkono mzito mwanzoni husukuma nywele kabla hazijashikana, kitambaa kikawa na mashimo. Kadiri dakika zinavyokwenda, ongezeni nguvu, mkiinua wavu mara kwa mara ili usishikwe na nywele zinazopenya, kisha mgeuze kipande na kufanya upande wa pili vivyo hivyo. Baada ya dakika 15 au 20, baneni uso wake kwa vidole viwili na kuuinua kidogo: nywele zikiinuka moja moja, endeleeni, kipande kizima kikiinuka pamoja, mmefika mahali pa kuviringisha.

Viringisheni kipande pamoja na mkeka juu ya kipande cha bomba au mpini wa ufagio, mfunge kwa vitambaa, na mviringishe mbele na nyuma kama mara 100. Fungueni, geuzeni kipande robo, rudieni, mpaka pande zote nne zimepita. Felti hunywea zaidi kwa upande inakoviringishwa, kwa hiyo anayesahau kugeuza atapata mstatili badala ya mraba. Wakirigizi wa Asia ya Kati hutengeneza hivi hivi mazulia yao ya felti, ala-kiyiz na shyrdak, wakiviringisha sufu ndani ya mkeka wa matete, wakiimwagia maji moto na kuikanyaga. Sanaa hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Urusi, yalifukuliwa mapazia na matandiko ya farasi ya felti yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ambayo sasa yamo katika jumba la makumbusho la Hermitage. Nayataja kwa sababu uliuliza kuhusu mashine: kazi zile zote zilifanywa na mikono, miguu, maji na mkeka.

Hatua ya mwisho ni kukaza. Loweka kipande katika maji moto kadiri glavu zinavyoruhusu, kikamue, kitupe kwa nguvu juu ya ubao au ndani ya karai, kikunje, ukikande, ukitupe tena. Hapa ndipo kinaponywea kwa kasi na uso wake kuwa na vijipele vidogo. Wako wanaosisitiza kubadilishana maji moto na maji baridi. Mimi sioni faida kubwa katika hilo, kwa kuwa kinachokaza ni msuguano, na maji baridi hupoteza muda tu. Acheni kipande kinapokuwa kigumu na hakivutiki. Kisuuzeni mpaka maji yatoke bila sabuni, mkitie katika lita tano za maji zenye vijiko viwili vya siki kwa dakika chache ili alkali iliyobaki iondoke, mkisuuze tena, mkinyooshe kwa mikono na kukianika kivulini. Sabuni inayobaki ndani hukausha felti ikawa ngumu na kuigeuza rangi kuwa manjano.

Sasa pimeni. Tuseme sentimita 20 zimekuwa 14: felti yenu imebaki asilimia 70 ya kipimo cha mwanzo, na hesabu hiyo ndiyo itakayotawala kila kitu mtakachotengeneza kwa sufu hiyo hiyo. Kiatu kinachotakiwa kuwa na urefu wa sentimita 26 ndani kitahitaji kiolezo cha 26 kugawanya kwa 0.7, yaani sentimita 37. Kiolezo kitaonekana kikubwa kupita kiasi, na kila mwanafunzi hushawishika kukipunguza, msikipunguze. Sufu ya kondoo mwingine itahitaji kipande kingine cha majaribio.

Kwa viatu, kateni kiolezo katika plastiki nene isiyopitisha maji, na nashauri mchore viatu viwili vilivyoungana mahali pa kutumbukizia mguu, vidole vikielekea pande mbili tofauti. Tandikeni sufu juu ya upande mmoja, muilowanishe, mgeuze, mkunje nywele zilizozidi ukingoni kwa sentimita 2 ili zifunike ukingo, kisha mtandike upande wa pili, mkirudia hivyo kwa kila tabaka. Kwa namna hiyo hakutakuwa na mshono, na viatu viwili vitanywea pamoja na kutoka sawa. Viatu vya mtu mzima hutumia gramu 120 hadi 150 kwa jozi, vya mtoto kiasi cha nusu yake. Plastiki ya ndani ikianza kujikunja kwa sababu felti imekuwa ndogo kuliko yenyewe, kateni katikati, mtoe kiolezo, msugue kingo zilizokatwa kwa sabuni mpaka zifunge, kisha kila kiatu kikazwe peke yake. Mwisho kivalishwe mguu wa mwenyewe uliofungwa mfuko wa plastiki, kisuguliwe hapo hapo mpaka kimkae. Felti huteleza vibaya sana juu ya saruji iliyopigwa rangi, kwa hiyo viatu vya watoto vishonewe soli ya ngozi au ya tyubu ya gari.

Mfumaji wenu wa kikoba hana kosa lolote. Uzi wa sweta unaouzwa kwa wingi madukani ni wa akriliki, ambayo haina magamba hata kidogo, na kuuchemsha hakuwezi kuleta kisichokuwapo. Choma ncha ya uzi wa sentimita chache juu ya sahani: sufu huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, hujizima, na majivu yake husagika kwa vidole, akriliki huyeyuka na kuacha shanga nyeusi ngumu. Jaribio hilo lakini halifichui kila kitu, kwa kuwa uko uzi wa sufu halisi ambao kiwandani umepitishwa katika klorini, magamba yakapunguzwa makali, kisha ukapakwa utomvu ili nguo iweze kufuliwa kwa mashine. Uzi huo nao hautashikamana. Lebo inayoruhusu mashine ndiyo dalili yake.

Ushauri wangu kwa kikundi, mkiwa mnasubiri msimu wa kukata manyoya, ni kwenda kwenye mitumba. Masweta ya sufu hayapendwi na wanunuzi wengi kwa sababu huwasha na hunywea, nayo ndiyo sifa mnayoitafuta. Soma lebo ya ndani ya shingo au ubavuni: maneno wool, lana, laine na Wolle yote ni sufu katika lugha mbalimbali za Ulaya, na mnataka isipungue asilimia 80. Alama ya bakuli lenye mkono ndani, inayoagiza kufua kwa mkono, ni habari njema kwenu. Ng'oeni vifungo na zipu, mtie sweta ndani ya foronya iliyofungwa ili manyoya yasizibe bomba la maji machafu, mlikanyage kwa miguu ndani ya karai lenye maji moto na sabuni, namna watu wanavyofua blanketi, mkilikagua kila baada ya dakika chache. Mishono ya mfumo ikishapotea machoni, lisuuzeni na kulianika likiwa limenyooshwa. Kitambaa hicho hukatwa kwa mkasi popote bila kufumuka, wala hakihitaji kupindwa, na vikoba vyenu vya kwanza vya kuuza vinaweza kutoka humo bila kuchana hata unywele mmoja.

Msije mkalinganisha kazi yenu na karatasi za felti za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Nyingi ni poliesta iliyosokotanishwa na mashine yenye sindano zenye vijino, bila maji wala sabuni. Zinafaa kwa mapambo ya ukutani, lakini kiatu chake hakidumu wala hakinyonyi jasho.

Na sindano hizo ndizo zitakazowasaidia kutumia sufu mliyobaki nayo. Huuzwa pia moja moja kwa ajili ya mikono, zikiwa na pembe tatu na vijino vidogo kwenye ncha. Namba 36 ni ya kuanzia umbo, 38 ni ya kazi nyingi, 40 ni ya kumalizia uso. Kwa kuwa kijino huivuta nywele kwa nguvu na kuitumbukiza ndani, haihitaji magamba mazuri, na sufu iliyowakataa kwenye beseni itakubali kuwa kiini cha mwanasesere au mnyama mdogo, ambacho baadaye mtakifunika kwa tabaka la Merino au Corriedale. Wekeni kazi juu ya kipande cha godoro chenye unene wa sentimita 5, mchome na kutoa kwa mstari ule ule, kwa sababu sindano hizi ni za chuma kikavu na zikipindishwa kidogo tu ndani ya sufu huvunjika. Zihesabuni mnapoanza na mnapomaliza. Kipande kilichovunjikia ndani ya mwanasesere lazima kitafutwe mpaka kipatikane, na kisipopatikana, mwanasesere huyo asipewe mtoto.